Anwani ya kazi isiondoke na mfanyakazi

Kando ya barabara inayopita Fungurume, wilayani Lubudi, mbao za kampuni ndogo zimepangana: usafiri, usafi, chakula cha wafanyakazi, uchomeleaji, ulinzi. Chini ya jina la kampuni kuna namba mbili za simu na anwani ya barua pepe inayoishia na gmail.com au yahoo.fr. Mpita njia haoni ubaya wowote. Lakini muulize mwenye kampuni ni nani aliyefungua anwani ile. Mara nyingi ni sekretari wa kwanza, au mtoto wa ndugu aliyejua mambo ya kompyuta. Alitumia simu yake mwenyewe, akachagua neno la siri analolijua yeye peke yake, na kazi ikaanza.

Siku kijana huyo anapopata kazi nzuri zaidi Kolwezi au Lubumbashi, anaondoka na kampuni mfukoni. Maombi ya bei, fakture, mikataba, majibizano ya miaka mitatu na wateja, vyote vimebaki nyuma ya neno la siri ambalo mwenye kampuni halijui. Akijaribu kulibadilisha, ujumbe wa uthibitisho unakwenda kwenye simu ya mtu ambaye hayupo tena. Huo si wizi, na hakuna aliyekusudia mabaya. Kampuni ilijenga nyumba kwenye kiwanja cha mtu mwingine, basi.

Makampuni na biro za serikali za Lualaba zinapaswa kuacha desturi hii. Dawa yake haihitaji mashine kubwa wala injinia wa kukaa usiku na mchana. Inahitaji jina, seva ndogo ya barua, na daftari moja la wafanyakazi linaloiambia seva hiyo nani ana haki ya kuwa na anwani na nani hana tena.

Barua ndiyo ushahidi

Kuna watakaosema kwamba Lubudi ina shida kubwa kuliko barua pepe: barabara, maji, umeme unaokatika. Ni kweli. Lakini sehemu kubwa ya pesa zinazoweza kutengeneza barabara hizo inapita kwanza kwenye karatasi.

Sheria ya madini iliyorekebishwa mwezi wa tatu 2018 inagawa mrabaha wa madini, ule ambao wengi wanauita redevansi, kwa mafungu manne: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa komine, sekta au usultani ambamo mgodi unafanya kazi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Sheria hiyo hiyo inataka kila kampuni ya madini itenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa miradi ya maendeleo ya wananchi, na iandikiane na wenyeji daftari la majukumu, lile watu wanaloliita kaye de sharje. Wilaya ya Lubudi, ambamo mgodi wa Tenke Fungurume umo, inaguswa moja kwa moja na kila kifungu cha sheria hiyo.

Sasa fikiria njia ya pesa hizo. Kampuni inaandika kwamba imelipa. Biro ya usultani au komine inajibu kwamba imepokea, au kwamba kiasi hakilingani na kilichotangazwa. Wenyeji wanauliza ahadi ya shule imefikia wapi. Kila hatua ni barua, na siku hizi barua hizo ni za pepe. Kama zinaishi katika sanduku binafsi la mhasibu mmoja, uhamisho wake unafuta kumbukumbu ya usultani mzima. Anayemfuata anaanza upya, na kampuni iliyo upande wa pili, yenye kumbukumbu zake zote, ndiyo inayomweleza nini kilikubaliwa. Wahenga walishasema: mali bila daftari huisha bila habari.

Kwa wenye kampuni ndogo hali ni ileile. Sheria ya tarehe 8 Februari 2017 juu ya sutretansi, yaani kazi ndogo ambazo makampuni makubwa yanawapa wengine, inataka kazi hizo ziende kwa kampuni ambazo mtaji wake kwa sehemu kubwa uko mikononi mwa Wakongomani. Sheria ikishafungua mlango, mtu anapaswa awepo kuitikia hodi. Ombi la bei linakuja kwa barua pepe, na lina siku na saa ya mwisho. Lililoangukia kwenye sanduku ambalo hakuna anayelifungua ni sawa na ambalo halikutumwa.

Tangu ordonansi-sheria ya tarehe 13 Machi 2023, ile ya kodi ya numerike, maandishi ya kielektroniki yanatambuliwa nchini kuwa ushahidi. Ni jambo jema. Lakini ushahidi ni wa anayeweza kuuonyesha. Mwenye kampuni anayedai kwamba alituma fakture mwezi wa pili, na ambaye hawezi kufungua sanduku lilimotoka fakture hiyo, atamwambia nini hakimu?

Nchi nzima ilishapewa somo

Asidhani mtu kwamba uzembe huu ni wa watu wadogo peke yao. Nchi yenyewe iliwahi kuponea chupuchupu.

Anwani zote zinazoishia na .cd, herufi za Kongo kwenye intaneti, zinategemea seva chache za majina. Kazi yake ni kama ya mtu aliyekaa njia panda: barua au mgeni akifika akiuliza kampuni fulani iko wapi, seva hizo zinamwonyesha njia. Sehemu ya seva hizo zilikuwa zinajulikana kwa jina scpt-network.com. Jina kama hilo halinunuliwi milele. Linakodishwa kwa mwaka, na kodi lazima ilipwe. Mwishoni mwa 2020 kodi haikulipwa, na jina likaachwa wazi kwa yeyote atakayelitaka.

Aliyeliona ni Fredrik Almroth, mtafiti wa usalama wa kompyuta kutoka Sweden na mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Detectify. Alilinunua mwishoni mwa Desemba 2020 ili lisianguke mikononi mwa wahalifu. Karibu nusu ya maulizo ya njia za .cd yangeweza kufika kwake. Mtu mwenye nia mbaya angeweza kugeuza njia za tovuti, kunasa barua pepe, kuiba maneno ya siri. Januari 2021 Almroth aliwaarifu wahusika wa Kongo, nao wakaweka jina jingine mahali pa lile lililopotea.

Nchi ilisalimika kwa sababu aliyeokota funguo alikuwa mwaminifu. Seva zilikuwa zinafanya kazi, na hakuna aliyevunja kitu. Kilichokosekana ni mtu ambaye kazi yake ilikuwa kukumbuka tarehe moja. Yeyote anayetaka kuwa na barua zake mwenyewe aanzie hapo: teknolojia ngumu huharibika mara chache kuliko mambo mepesi ambayo hayana mwenyewe.

Seva isiyosumbua ni seva yenye kazi chache

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Wakisikia kuwa na seva ya barua, wanawaza chumba chenye baridi, mashine zinazowaka taa, na mtaalamu anayelipwa dola kila mwezi. Wengine wananunua kompyuta kubwa, wanaiweka pembeni mwa biro, na mvua ya kwanza ikija na radi, hadithi inaishia hapo.

Njia nyepesi ina hatua tatu, na kila moja inaeleweka bila shahada.

Ya kwanza ni jina. Kile kinachokuja baada ya alama ya @ kiwe jina la kampuni yenyewe, lililosajiliwa kwa kampuni, si kwa mtu. Jina linaloishia na .com linagharimu kati ya dola 10 na 15 kwa mwaka hivi. Hili ndilo la lazima kuliko yote. Mwenye jina lake anaweza kuhamisha barua zake kutoka seva moja kwenda nyingine bila mteja kujua, kama mtu anavyohama nyumba na kubaki na namba yake ya simu.

Ya pili ni mahali pa seva. Isikae Lubudi. Lualaba ina mabwawa ya umeme ya Nzilo na Nseke, lakini mwenye biro ndogo anajua kwamba nguzo kupita mbele ya nyumba yake hakumhakikishii taa. Seva ndogo ya kukodi katika jengo lenye umeme wa uhakika, Johannesburg au Ulaya, inapatikana kwa dola 5 hadi 10 kwa mwezi. Ndani yake kunawekwa programu mbili za bure ambazo dunia nzima inazitumia: Postfix, iliyotolewa 1998, inayopokea na kupeleka barua, na Dovecot, inayozihifadhi na kumwonyesha kila mtu sanduku lake. Hati ya usalama inayofunga mazungumzo ya seva na simu, ile ya bure ya Let's Encrypt, inadumu siku 90, lakini seva inaweza kuiomba upya yenyewe.

Ya tatu ndiyo inayopunguza kazi kweli: daftari. Kampuni nyingi zenye wafanyakazi kumi, ishirini, tayari zina programu ya biashara ya kuandikia wateja, bidhaa, fakture na mishahara. Zipo Odoo, iliyozaliwa Ubelgiji, na ERPNext, iliyozaliwa India, na zote mbili zina toleo la bure. Programu hiyo inajua nani ni mfanyakazi na nani ameondoka, kwa sababu mshahara hauwezi kulipwa bila kujua hilo. Kwa nini basi seva ya barua iwe na orodha nyingine?

Odoo inaweka habari zake katika hifadhi iitwayo PostgreSQL, na Postfix na Dovecot zinaweza kusoma majina moja kwa moja kutoka hifadhi hiyo. Fundi anafanya kazi hiyo mara moja. Baada ya hapo, mwenye kampuni hagusi seva tena. Akimwandika dereva mpya katika programu, anwani inafunguka. Akiandika kwamba mhasibu ameacha kazi, sanduku linafungwa siku hiyohiyo, na barua zinazomjia zinakwenda kwa aliyechukua nafasi yake. Hakuna kumtafuta fundi. Hakuna kumpigia simu aliyeondoka kumbembeleza neno la siri.

Kuna faida nyingine inayosahauliwa. Odoo inaweza kupokea barua zinazokuja kwa anwani ya mauzo na kufungua faili ya mteja papo hapo, ili majibu yote yakae pamoja. Mwenye kampuni akitaka kujua nini kiliahidiwa, anafungua faili ya mteja. Hahitaji simu ya mtu.

Tahadhari moja haina mjadala: seva ya barua ipewe ruhusa ya kusoma orodha tu, si kuandika, na isiweze kuona mishahara wala fakture. Kama mwizi atavunja mlango wa barua, asikute mlango wa hazina uko wazi.

Hofu zenye haki

Swali la kwanza la mtu wa Lubudi litakuwa: mtandao ukikatika? Jibu linategemea ulikatika kwa muda gani. Seva inayotuma barua ikikuta ile inayopokea imelala, haiitupi barua hiyo. Inajaribu tena na tena, kwa kawaida kwa siku nne au tano, kabla ya kumrudishia mtumaji. Hata programu ya biashara ikizimika na orodha isisomeke, Postfix inamwambia mtumaji ajaribu baadaye. Hitilafu ya usiku mmoja haipotezi kitu. Ila Wakongomani wanakumbuka kwamba baada ya uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018 intaneti ilizimwa kwa karibu wiki tatu. Seva iliyokaa Kolwezi ingepoteza barua za siku hizo. Iliyokaa nje ingeendelea kuzipokea na kuzitunza. Ndiyo sababu seva inakaa nje, na nakala ya barua zote inashushwa kila wiki kwenye diski iliyo mikononi mwa kampuni.

Swali la pili ni gumu zaidi: barua zinazotoka zitafika? Hapa wanaojaribu wenyewe huchoka. Gmail na Yahoo zinazishuku seva ndogo zisizojulikana, na kwa haki, kwa sababu matapeli wanazitumia. Tangu Februari 2024 kampuni hizo mbili zimekaza masharti: anayetuma lazima awe na alama zinazothibitisha kwamba barua imetoka kweli kwa mwenye jina. Alama hizo, zinazoitwa SPF na DKIM, zinaandikwa mara moja pamoja na jina la kampuni, na ya tatu, DMARC, inaeleza nini kifanyike kwa barua bandia. Hata hivyo, kwa kampuni ndogo ushauri wa busara ni kutojibebesha mzigo wote. Ipokee na kuhifadhi barua zake yenyewe, lakini zinazotoka zipitie kwa kampuni ambayo kazi yake ni kusafirisha barua na ambayo tayari inaaminika.

Alama hizo zinalinda pia pesa. Utapeli unaojulikana kila mahali ni wa barua inayosema: tumebadilisha banki, lipeni fakture kwenye akaunti hii mpya. Nchini Marekani peke yake, FBI iliandikisha kwa mwaka 2023 hasara ya dola bilioni 2.9 kutokana na ulaghai wa barua za makampuni. Mteja aliyezoea kupokea fakture kutoka anwani ya gmail atashindwa vipi kudanganywa na anwani nyingine ya gmail iliyozidi herufi moja? Jina la kampuni lenye alama zake haliondoi ulaghai wote, lakini linamnyima mwizi vazi lililo rahisi kuliko yote.

Swali la tatu: kwa nini usilipe tu Google au Microsoft? Kwa kampuni ya watu watatu, huenda hilo ndilo jibu bora, na hakuna aibu. Lakini wao wanatoza kwa kila mtu, kila mwezi. Kampuni ya watu 40, ambao 30 kati yao wanatuma barua mbili kwa wiki, inalipia viti vitupu. Na hata anayelipa huko, jina libaki lake, na orodha ya wafanyakazi itoke kwenye daftari lake. Seva inaweza kukodiwa kwa yeyote. Jina na daftari havikodishwi.

Kazi kidogo si kazi sifuri

Wauzaji wa teknolojia wanapenda kusema kwamba kitu kinajiendesha chenyewe. Hakuna kitu kinachojiendesha. Seva isiyosumbua inahitaji saa chache kwa mwezi: kuweka masahihisho ya usalama, kuangalia nafasi iliyobaki, kujaribu kama nakala iliyohifadhiwa inafunguka kweli. Na inahitaji tarehe mbili zilizoandikwa ukutani kwa wino mkubwa: ya kulipia jina na ya kulipia seva. Tarehe kama hiyo moja ilitosha kuweka nusu ya njia za .cd mikononi mwa mgeni.

Funguo nazo ziwe kwa watu wawili, si mmoja. Fundi anaweza kuugua, kuhama, au kugombana na bosi. Maneno ya siri ya jina na ya seva yaandikwe, yafungwe katika bahasha, yakae pamoja na hati za kampuni. Fundi asiyetaka kuyatoa hafai kupewa kazi hiyo.

Kwa biro za sultani na za komine jambo ni jepesi zaidi, maana hazihitaji programu kubwa ya biashara. Zinahitaji orodha ya vyeo tu. Anwani iwe ya kazi, si ya jina la mtu: ya mkuu, ya mhasibu, ya mwandishi, ya ardhi. Anayeshika cheo anashika sanduku, anayekiacha analiacha. Hivyo ndivyo muhuri na daftari la mapokezi vilivyofanya kazi tangu zamani. Hakuna mhasibu aliyewahi kuhamishwa akaondoka na muhuri wa komine, na kama angefanya hivyo angeitwa kujieleza. Kwa nini barua pepe iwe na sheria nyingine?

Jimbo linaweza kusaidia bila kutumia pesa nyingi. Lualaba inaweza kufungua jina moja na kuzipa komine, sekta na sultani anwani chini yake, zikitunzwa na timu moja ndogo Kolwezi. Makampuni ya madini, ambayo kila siku yanasema yanataka kuinua wafanyabiashara wa hapa, yanaweza kuwakubali katika mafunzo ya siku mbili juu ya jambo hili. Vijana wanaosoma kompyuta Kolwezi wangepata kazi ya kweli ya kujifunzia, badala ya kukariri majina ya vifaa wasivyowahi kuvigusa.

Lakini mwenye kampuni asingoje jimbo. Afanye kitu kimoja wiki hii: aulize neno la siri la anwani iliyoandikwa kwenye ubao wake, na namba ya simu inayolirudisha. Kama namba hiyo si ya kampuni, basi anwani iliyo barabarani ni ya mtu mwingine, hata kama rangi ya ubao aliilipia yeye.